Waksi ya Wiki ya Usalama

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba, saa nne kasorobo asubuhi, wakati king'ora cha msafara wa mgeni rasmi kilipokuwa kinalia getini. Ndiyo maana wapo waliosikia king'ora wasisikie mtu akipiga kelele, na wapo waliosikia mtu akipiga kelele wakaamua kwamba wamesikia king'ora.

Ilikuwa kilele cha Wiki ya Usalama pale karakana ya magari ya taka ya manispaa. Wiki nyingine zote za mwaka usalama ulikuwa unajitafutia wenyewe. Fundi akikatwa na bati alifungwa tambara la kufutia grisi, akaambiwa pole, akarudi kazini. Lakini wiki hiyo kabati la huduma ya kwanza lilitundikwa ukutani, jipya, lina kioo, na ufunguo wake alikuwa nao mtu wa stoo, na mtu wa stoo alikuwa likizo.

Mzee Pampu aliliangalia kabati lile akatema mate pembeni. Alikuwa mgane wa mwaka wa pili, mtu wa maneno makali na shati moja la heshima. Shule alikwenda mpaka alipochoka kuchapwa. Jina lake alilipata kwa kazi yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiendesha ile jeki kubwa ya pampu ya mkono. Waliomjua vizuri walisema jina hilo ni la mdomo wake pia, kwamba ukiushika mpini kidogo tu, unamwaga.

Jeki yenyewe haikuwa na siri. Pampu inakaa sakafuni, ina mpini mrefu. Kutoka kwenye pampu inatoka hosi nene ya mafuta, na mwisho wa hosi ndiko iliko jeki, chini ya gari. Unasukuma mpini, mafuta yanakwenda, gari linapanda. Ila jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Kila gari likipanda kiasi cha kidole, magogo yanasukumwa chini ya fremu, yanapangwa kinyume kinyume mpaka gari linakaa juu ya miti na si juu ya mafuta. Hilo lilijulikana kwa kila mtu pale, kuanzia mafundi mpaka paka wa karakana, ambaye hakuwahi kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Na magogo ndiyo yaliyoleta balaa.

Yalikuwa ya mti mgumu, meusi kwa uzee, yamejaa makovu ya vyuma. Ubaya wake huo ndio uliokuwa uzima wake. Yalikwaruza. Ukiyapanga yaling'ang'aniana kama watoto wanaogombea shuka. Sasa siku ya kikao cha maandalizi, Mkuu wa Karakana, mtu wa tumbo la ofisini na suruali iliyonyooshwa ikanyooka, akasimama mbele ya lile rundo na kukunja pua.

"Haya makuni ndiyo mgeni rasmi aje ayaone?"

Akalisukuma gogo moja kwa ncha ya kiatu.

"Yapakwe rangi. Nyeupe na nyekundu. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa."

Afisa Usalama akatikisa kichwa kukubali. Huyu walimwita Kofia, kwa kuwa hakuonekana hata siku moja bila ile kofia yake ngumu ya njano, hata akila, ingawa chini ya gari hakuonekana kabisa, na kofia au bila kofia.

Mzee Pampu akacheka puani. "Sasa Mkuu, kama ni kung'aa, mbona tunaishia njiani? Rangi ikikauka, yapigwe na waksi ya sakafu juu yake. Mgeni ajione uso."

Watu wakaangua kicheko. Mama Ndoo, msafishaji, akaziba mdomo kwa kiganja. Dereva mmoja akapiga goti lake. Mtu pekee ambaye hakucheka ni Mkuu.

"Umesikia?" alimwambia Kofia. "Huyu mzee hana shule lakini ana mawazo. Liandike hilo."

Na Kofia akaliandika.

Hapo Mzee Pampu angeweza kusema, jamani, natania. Alifungua mdomo kabisa. Lakini katika miaka yote aliyomfanyia kazi Mkuu yule, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa mbele za watu, na sifa ilimkaa kooni ikaziba neno. Halafu akajiambia, si kazi yangu. Wanao watu wanaolipwa kufikiri. Wana vyeti vimetundikwa ukutani, vimewekewa vioo. Wakatazane wao kwa wao.

Kesho yake Mama Ndoo alimfuata na kopo mkononi. "Mzee, hii waksi ni kweli?"

"Unaniuliza mimi? Nenda kawaulize wenye karakana."

Mama Ndoo akaenda kuwauliza wenye karakana, na wenye karakana wakamwambia apake na asugue.

Rangi yote iliishia kwenye magogo. Jukwaa la wageni, lililojengwa kwa boriti nene zilizotoka msumenoni moja kwa moja, halikubakiziwa hata tone. Mkuu alikasirika kidogo, kisha akaagiza zulia jekundu litandikwe juu. Chini ya zulia boriti zikabaki zilivyo, tupu, na vinyweleo vyake.

*

Asubuhi ya Jumatano gari la taka liliingizwa chini ya paa la karakana, upande unaotazama uwanja, linameremeta. Lilikuwa limeoshwa likaoshwa tena. Waliambiwa waoshe. Kumwaga taka zilizomo ndani hawakuambiwa.

"Hili halijamwagwa," Mzee Pampu alisema, mpini ukimwelemea. "Nasikia uzito mpaka kwenye meno."

"Inua tu, mzee wangu," Mkuu alisema. "Mgeni haji kuchungulia ndani."

"Ndani kuna nyumba nzima humu."

"Inua."

Dereva mmoja alileta bomba la chuma alichomeke kwenye mpini uwe mrefu, kazi iwe nyepesi. Mzee Pampu akamfokea alirudishe alikolitoa. Kama anataka kupasua hosi, akapasue ya kwao. Akaendelea kwa mkono, pole pole, huku fundi aliyekuwa akipanga magogo akisogeza moja baada ya jingine.

Fundi huyo aliitwa Mjusi, kwa jinsi alivyokuwa akipenya penye nafasi isiyopenyeka. Kwa Mzee Pampu alikuwa shemeji, mdogo wa mwisho wa marehemu mkewe. Mke, siku za mwisho, hakuacha wosia wa mali maana mali haikuwepo. Aliacha neno moja tu: "Huyo mdogo wangu usimwachie watu." Mzee Pampu alikuwa amelishika. Alimtafutia kazi, akamfundisha gari, akamgombeza alipochelewa, akamlisha alipoishiwa. Katika nyumba ile ya vyumba viwili, sauti ya Mjusi akiimba vibaya bafuni ndiyo iliyobaki ya ukoo wa mkewe.

Gogo likamponyoka Mjusi, likateleza sakafuni kama kipande cha sabuni.

"Shemeji," alisema akicheka, "haya magogo wameyapaka mafuta ya nywele au vipi?"

Mzee Pampu aliangalia pembeni. Kisha akamgeukia Kofia. "Tumwagie mchanga kidogo katikati yake. Yashikane."

"Mchanga!" Kofia alishtuka kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mzee, yamepigwa waksi haya. Mchanga utayachafua."

"Basi fundi asiingie chini."

Kofia akafungua ratiba yake. "Fundi anaingia, anapiga mgongo chini, mgeni akipita anapunga mkono. Imeandikwa hapa. Onyesho la usalama wa fundi bila fundi ni onyesho la nini?"

"La usalama," alijibu Mzee Pampu.

"Shemeji, acha woga wa kizee," Mjusi alisema, tayari amepiga magoti. "Nimelala chini ya magari kuliko nilivyolala kitandani. Napunga mkono, natoka, tunakunywa soda ya serikali." Akajilaza, akapenya, ikabaki miguu tu, halafu nayo ikaingia.

Mkuu alikuwa amefurahi. Alizunguka gari, akajitazama kwenye gogo, akarekebisha tai. King'ora kikasikika kwa mbali. "Imara!" akasema, na akalipiga gari kofi ubavuni, kofi la mtu anayeuza ng'ombe.

Ndani ya gari kitu kikavingirika. Taka za juma zima zikahamia upande mmoja. Gogo la juu likateleza juu ya mwenzake bila kukwaruza hata kidogo, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayeaga. La pili likamfuata. Rundo la kushoto lote likatawanyika, gari likainama, na jeki ikabaki imeubeba mzigo wote peke yake, imeegama.

Hapo ndipo Mjusi alipopiga kelele, na hapo ndipo king'ora kilipofika getini.

"Mguu! Mguu wangu! Shemeji, mguu!"

Springi ya gari ilikuwa imeukandamiza mguu wake juu ya gogo lililoanguka, chini ya goti. Watu walikimbilia gari. Mkuu akatanua mikono kama kipa.

"Asiguse mtu! Mgeni yuko getini!"

"Mkuu, kuna mtu humo!"

"Anaongea? Anaongea. Basi hajafa. Dakika chache tu. Leteni lile bango!"

Bango kubwa la kitambaa lililokuwa limetundikwa paani likashushwa, likafungwa kwenye nguzo mbele ya gari. Upande wa uwanja watu walisoma USALAMA KWANZA kwa herufi nyekundu. Nyuma ya kitambaa maneno yalisomeka kinyume, na chini ya maneno hayo yaliyopinduka alikuwepo mtu aliyebanwa mguu, na mwingine aliyepiga magoti kwenye pampu.

Mzee Pampu hakuweza kuondoka. Jeki ilikuwa kongwe, inashuka kidogo kidogo. Kila aliposikia inapumua aliupa mpini nusu sukumo, zaidi ya hapo hapana. Ukiinua, jeki iliyoegama inaruka na gari lote linakuja. Ukiachia, mguu unakwenda. Alitakiwa kushikilia hapo hapo mpaka zipatikane mbao za kujengea upya.

"Shemeji."

"Nipo."

"Wanafanya nini huko nje?"

Mzee Pampu alisikiliza. Makofi. Kikohozi cha kipaza sauti. Halafu sauti ya Mkuu ikimkaribisha mgeni rasmi katika karakana ambayo, alisema, haijapata ajali hata moja.

"Wanakusifia," alimjibu.

Kofia alichungulia kwa kuinua pembe ya kitambaa. Uso ulikuwa umelowa jasho. "Mjusi, ndugu yangu, jikaze. Usipige kelele, mgeni anaongea."

"Kofia," Mzee Pampu alisema bila kuinua sauti, "nikiuachia huu mpini nitakushika wewe. Nenda kalete mbao."

"Mbao zipi? Za karakana yote ndizo hizo, zimepakwa..." Hakumalizia. Akashusha kitambaa.

Jeki ikapumua. Nusu sukumo.

Mzee Pampu alizijua sherehe. Alizijua kuliko waliokuwa wakizifanya. Usiku wake wa kuondokewa na mkewe, hospitali ilikuwa na lifti mpya, nzima, inapanda na kushuka, na mlangoni kwake imefungwa utepe. Ilikuwa inasubiri kuzinduliwa. Aliwaomba wakate ule utepe. Muuguzi alitaka, mlinzi akakataa. Alisema hana amri, mwenye kukata anakuja Jumatatu na mkasi wake. Basi mgonjwa akapandishwa ngazi kwa machela, kichwa chini, kichwa juu, wabebaji wanapumzika kila kona. Walipofika juu hakukuwa na haja tena ya kufika. Jumatatu utepe ulikatwa, na watu walipiga makofi kama haya haya.

"Shemeji, mguu umeacha kuuma," Mjusi alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Hiyo ni nzuri au mbaya?"

Mzee Pampu akaupa mpini nusu sukumo. "Imba."

"Niimbe?"

"Imba vile unavyoimba bafuni. Nikusikie."

Mjusi akaanza kuimba, vibaya kama kawaida yake, na bendi ya shule iliyokuwa uwanjani ikamfunika.

Pembe ya kitambaa ikainuliwa tena. Safari hii ni Mama Ndoo, na ndoo yake. Aliuona mguu, akaweka ndoo chini. "Kinatakiwa nini?"

"Mbao tupu, mama. Zinazokwaruza. Fupi na nene."

Mama Ndoo aliangalia mbao za karakana, zote nyeupe na nyekundu, zote zinameremeta kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaangalia kule kwenye zulia. "Chini ya jukwaa nimefagia leo asubuhi," alisema. "Zimejaa tele."

"Juu yake wamekaa watu."

"Wamekaa juu. Mimi nakwenda chini."

Akaondoka. Waliokuwepo wanasema alichukua madereva watatu na msumeno, wakaingia nyuma ya jukwaa wameinama, kama watu wanaokwenda kuwasha jenereta. Mgeni rasmi alikuwa amefikia kurasa za mwisho za hotuba. Boriti ya kwanza ilitoka bila mtu kujua. Ya pili ikatoka. Mkuu alihisi kiti chake kikitikisika akadhani ni furaha.

"Usalama, ndugu zangu," mgeni rasmi alinguruma, "unaanzia chini!"

Jukwaa likakubaliana naye. Upande wa kushoto ulishuka wote kwa pamoja, na viti, na maua ya plastiki, na chupa za maji. Mgeni rasmi akaketi mapajani mwa Mkuu, na Mkuu akaketi juu ya kipaza sauti, kikalia mlio ambao haukuwa umeandikwa kwenye ratiba. Kofia alikuwa mtu pekee aliyevaa kofia ngumu, naye hakuangukiwa na kitu.

Nyuma ya kitambaa hakuna aliyegeuka kutazama. Boriti zilikatwa fupi fupi, zikapangwa kinyume kinyume, mbao juu ya mbao, na zilipogusana zilikwaruza, na Mzee Pampu alipousikia ule mkwaruzo machozi yalimtoka. Wakajenga kushoto, wakajenga kulia, mpaka fremu ikapata pa kuangukia. Hapo ndipo aliposukuma mpini. Kidogo, ubao. Kidogo, ubao. Springi ikaachana na mguu. Wakamvuta Mjusi kwa mabega, bado anaimba, hajui kwamba bendi imenyamaza.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa uwanjani kwa maonyesho. Lilimchukua mgeni rasmi, aliyechubuka goti. Mjusi alikwenda hospitali kwenye kiti cha mbele cha gari jingine la taka, kichwa mapajani mwa shemeji yake.

*

Kamati iliundwa, ichunguze kuanguka kwa jukwaa.

Waliwaita mmoja mmoja. Nani alitoa boriti? Madereva wote wakasema ni mimi, hata mmoja ambaye siku hiyo alikuwa mazishini. Mama Ndoo alisema yeye anafagia tu. Mzee Pampu alipoingia aliwauliza mbona hawaulizi habari za mtu aliyebanwa. Wakamwambia hilo haliko kwenye hadidu za rejea. Akataka kujua hadidu za rejea ni mnyama gani. Wakamwambia anaweza kutoka.

Ila mwisho mwisho suala la magogo lilijitokeza lenyewe. Mkuu alieleza kwamba rangi ilikuwa ya kuongeza kuonekana, jambo la kitaalamu kabisa. Na waksi? Waksi, alisema, haikutoka kwake. Wazo hilo lilitoka kwa wafanyakazi wenyewe, katika kikao cha wazi, na yeye kama kiongozi msikivu alilipokea. Jina la mtoa wazo halikumbuki. Kofia naye alisema hakumbuki, na karatasi za kikao, kwa bahati, zilitumika kufunikia meza wakati wa kupaka rangi.

Maneno hayo yalimfikia Mzee Pampu jioni ile ile. Alitukana sana. Alimtukana Mkuu, akamtukana Kofia, akamtukana mwenye mkasi wa hospitali. Alisema tangu lini utani wa mpiga pampu ukawa amri ya serikali; aliomba mchanga mara ngapi wakamsikiliza? Aliuliza ukuta. Nyumba ilikuwa kimya, hakuna aliyekuwa akiimba bafuni.

Jumapili alikwenda hospitali, ile ile. Lifti ilikuwa inafanya kazi. Kipande cha ule utepe kilikuwa bado kimefungwa kwenye fremu ya mlango wake, kimepauka. Akapanda ngazi.

Mjusi alikuwa amelala chali, mguu umefungwa plasta, umening'inizwa kwa kamba na puli. Mguu ulikuwa umeokoka, ila daktari alisema wa kuchutama na kupenya chini ya magari hautakuwa tena. Mama Ndoo alikuwa amefika mapema, ameketi upande wa ukutani anamenya chungwa.

"Karibu, shemeji," Mjusi alisema. "Ona wanavyoinua huku. Puli, kamba, na jiwe la kuvutia. Hakuna hata tone la waksi."

Mzee Pampu akaketi. Akacheka kidogo. Akashika ncha ya shuka akaikunja, akaikunjua.

"Nimekuwa nafikiri," Mjusi aliendelea. "Mtu ukilala hivi huna kazi nyingine. Rangi najua ni Mkuu, hilo kila mtu analijua, nikipona nitakwenda kumwambia mbele ya mlango wake. Lakini waksi, shemeji. Mtu atoke kwake, akae, afikirie, magogo ya kubebea gari yapigwe waksi. Huyo si mjinga wa kawaida. Huyo nataka nimjue."

Mama Ndoo aliacha kumenya. Aliangalia kisu, akaangalia chungwa. Kwa Mzee Pampu hakuangalia kabisa.

"Wewe ulikuwepo kwenye kikao," Mjusi alisema, na akageuza kichwa juu ya mto ili amwone vizuri. "Niambie, shemeji. Nani alisema?"